Mwaka Tulioivalisha Nyumba ya Hajati

Siku hizi mtu akiniambia kwamba jengo fulani ni la kale, mimi hutazama ngazi kwanza. Sitazami nguzo, wala nakshi za mlango, wala ule mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya paa la mbele, maana mwaka hata fundi wa jana anaweza kuuandika. Natazama mahali miguu ya watu inapokanyaga na mikono yao inaposhika. Binti yangu hunicheka. Husema, Mama, unakagua nyumba kama mtu anayenunua ng'ombe, unaanza na kwato. Acha acheke. Elimu hiyo sikuipata darasani, ingawa mwaka ule nilikuwa nasomea ualimu chuoni Kyambogo, Kampala, na nilijiona nimeelimika vya kutosha. Niliipata Nateete, katika nyumba ya biashara inayotazamana na soko, na aliyenipa elimu hiyo amezikwa wiki iliyopita.

Hamadi, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyenipigia simu. Hata salamu hakutoa. Alisema tu, "Mwalimu, Hajati ametutoka." Katika nyumba ile niliitwa Mwalimu kabla sijawahi kushika chaki, na hakuna anayeniita hivyo kwa namna ile isipokuwa wao. Nilipokata simu nililia kidogo, kisha nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, kwa sababu nilikumbuka rangi ya bluu. Mtu aliyeishi vizuri huacha mambo ya namna hiyo. Unataka kumlilia, naye anakuchekesha.

Watu walinishangaa mwaka ule kwamba nasoma Kyambogo na kulala Nateete, yaani kila siku nalikata jiji zima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukweli ni kwamba mabweni yalikuwa yamejaa, na Hajati Rukia alikuwa anatafuta mpangaji anayesema Kiswahili. Wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazika, wakawa watu wa Nateete, lakini Kiswahili hawakukiacha, na yeye alikuwa akisema kwamba Kiswahili cha stendi ya teksi kinamchosha masikio. Mimi Mkenya, tena Mkristo, nilifika na sanduku langu na godoro lililokunjwa. Akaniuliza kama nakula nguruwe. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nitaleta wanaume. Nikasema hapana, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akaniuliza kama naweza kutunga uzi kwenye sindano. Nililiona swali la ajabu, lakini nikasema naweza, na hilo ndilo lililonipa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma, kikitazama ua. Zamani kilikuwa stoo ya kahawa na ngozi, na siku za mvua kuta zilikuwa zinaikumbuka kazi yake, zikatoa harufu ya vyote viwili. Ukuta ulikuwa mnene kiasi kwamba nilipanga vitabu vyangu vyote kwenye kizingiti cha dirisha na bado pakabaki nafasi ya sahani na kikombe. Sakafu ya nyumba nzima ilikuwa ya saruji nyekundu ya kizamani, iliyosuguliwa kwa nta na magoti ya wanawake mpaka ikang'aa, na ilikuwa na historia yake. Karibu na jikoni palikuwa na ufa, mlangoni pangu pameinuka kidogo, na katikati ya ukumbi palibonyea mahali ambapo magunia ya kahawa yalikuwa yakiangushwa. Mbele kulikuwa na baraza yenye nguzo nne, mlango mkubwa wa mbao mbili wenye nakshi za majani, na juu yake mwezi na nyota za chokaa. Hajati alisimulia kwamba mlango ule ulitoka pwani kichwani mwa wapagazi. Hamadi alisimulia kwamba ulichongwa na seremala wa Katwe aliyekuwa na deni la nyama. Wote wawili waliapa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mpangaji, niliwaamini wote wawili.

Kuta za ndani hazikufika kwenye mabati. Ziliishia juu ya milango, na juu yake hewa ilikuwa moja, na maneno yalikuwa mamoja. Sijawahi kuishi katika nyumba yenye siri chache vile. Nilijua nani anadaiwa, nani anakoroma, nani kasema nini kuhusu kanga ya nani. Na alfajiri, baada tu ya adhana, nilikuwa nasikia kwaru, kwaru, kwaru, kana kwamba mtu anakata kufuli. Asubuhi yangu ya kwanza nilishika mwavuli nikasimama nyuma ya mlango nikisubiri wezi. Kumbe walikuwa wachinjaji wa sokoni. Mwishoni mwa baraza, upande wa kushoto, kwenye ngazi ya kushukia barabarani, kulikuwa na jiwe la kijivu, laini, lililobonyea katikati kama upawa, na kila mwenye kisu Nateete alikuja kunoa pale kabla ya soko kufunguliwa. Wauza nyama, wauza miwa, na Nnalongo, mama wa mapacha aliyemenya matoke na kuyauza tayari kwa wapishi wa mchana. Nilimlalamikia Hajati kwamba silali. Akanimiminia chai ya tangawizi, akasema hiyo ndiyo saa ya nyumba, na saa hailalamikiwi. Baada ya mwezi nilikuwa siamki bila sauti ile.

Siri moja tu ndiyo iliyokuwamo mle, nayo niliigundua kwa sindano. Hajati alikuwa anapoteza macho. Alikuwa hajamwambia mtu. Alikuwa akisema taa za siku hizi hazina nguvu, akisema vumbi la Nateete limezidi, na kila jioni ananipa sindano na uzi kana kwamba ananifanyia hisani ya kunipa kazi. Lakini alitembea ndani ya nyumba ile bila kugusa kitu. Nyayo zake zilikuwa zinaisoma sakafu. Kwenye ufa alijua yupo jikoni, kwenye mbonyeo alijua yupo katikati ya ukumbi, akageuka kushoto, akafika mlangoni. Akitoka nje kwenda msikitini au sokoni, mguu wake wa kushoto ulitafuta lile jiwe, ukaingia kwenye bonde lake, na hapo akajua ngazi inaanza. Nilimwona akifanya hivyo siku nyingi kabla sijaelewa. Nilipoelewa nilinyamaza, kwa sababu yeye alinyamaza, na mambo ya mwili wa mtu mzima hayatangazwi na mpangaji.

Basi jioni moja nimelala chali nasoma, nikasikia Hamadi na shangazi yake wakinywa chai ukumbini. Hamadi wakati ule alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, anauza mapazia ya mitumba katika soko la Owino, mcheshi, mwenye watoto wanaokua haraka kuliko biashara. Nyumba ilikuwa ya marehemu babu yake, kwa hiyo ilikuwa ya wawili, yeye na Hajati. Tajiri mmoja alikuwa anaitaka. Angeibomoa ajenge jumba la maduka la ghorofa, na Hamadi angepata duka lake ndani, lenye mlango wa chuma na umeme. Hamadi hakusema kwa ukali. Alisema nyumba inavuja, soko linabadilika, na kwamba atamnunulia shangazi yake nyumba nzuri Kyengera, yenye choo ndani. Hajati akamwambia, "Hamadi, baba, hiyo nyumba nzuri nitaijulia wapi?" Yeye akadhani ni ukaidi wa wazee. Mimi, upande wa pili wa ukuta, nilijua maana yake, na kitabu kilinilalia kifuani.

Mimi ndiye niliyeleta habari za wageni, na naisema kwa fahari. Chuoni kulikuwa na mwalimu wa uchoraji, Madamu Edisa, ambaye siku za Jumamosi alizunguka Kampala na wenzake wachache wakitafuta majengo ya zamani, wakiyachora, wakiyapiga picha, na kuwaombea wenye nyumba wasiyabomoe. Nguvu ya kisheria hawakuwa nayo. Walikuwa na kalamu na viatu vigumu tu. Lakini magazeti yaliwasikiliza, na Hamadi alikuwa mtu anayeheshimu magazeti. Nilipowaeleza, Hajati akamwita Hamadi na imamu wa mtaa, na mbele ya imamu wakapatana. Wageni wakisema nyumba ni ya kale na inafaa kutunzwa, Hamadi hataiuza muda wote shangazi yake yu hai. Wakisema ni nyumba tu kama nyumba nyingine, Hajati atatia saini wiki ileile na kuhamia Kyengera. Wakapeana mikono. Hajati akaomba chai ya imamu iongezwe sukari, ishara kwamba ameogopa.

Sasa hebu nieleze kosa letu, na ni kosa ambalo nadhani lingefanyika katika nyumba yoyote yenye adabu. Wageni wanakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji atampokea mgeni katika nyumba yenye ukuta uliobanduka chokaa? Haiwezekani. Hakuna hata mmoja wetu, wala mimi mwenye masomo yangu, aliyesimama akauliza wageni hawa wanakuja kutazama nini. Tulisikia neno wageni tukaanza kupangusa. Na aliyekuwa wa kwanza kukunja mikono ya shati ni Hamadi mwenyewe, ambaye kwa hesabu zake angeombea nyumba ionekane mbaya. Nilimuuliza. Akaniambia, "Mwalimu, kuuza ni kuuza, na aibu ni aibu. Wageni wakute nyumba ya babu yangu chafu?" Nilimpenda sana Hamadi kwa jibu lile, na nadhani hata leo ndilo linalonifanya nimsamehe tabia zake nyingine, kama kusimulia mwisho wa filamu kabla hujaiona.

Kulikuwa na kampuni ya sabuni iliyokuwa inapaka maduka rangi bure, mradi ukubali wachore mche wa sabuni ukutani. Hamadi aliwaleta. Wakaipaka nyumba bluu, nguzo na kuta na mwezi na nyota, na kati ya madirisha mawili wakachora mche wa sabuni mrefu kuliko mimi, unaotoa mapovu. Hajati akaniita pembeni akaniuliza ni bluu ya namna gani. Nikatafuta neno zuri. Nikasema ni bluu ya mbinguni. Akasema alhamdulillahi. Mlango wa nakshi tuliupaka rangi ya mafuta ya kahawia iliyong'aa, majani yote yakazama humo kama mboga kwenye supu. Kutoka Owino Hamadi akaleta mapazia ya maua na zulia la plastiki lenye picha ya vigae, tukalitandaza ukumbi mzima hadi jikoni. Na Ijumaa mchana, akihofia mgeni asije akajikwaa, akakoroga saruji akaisawazisha ngazi yote, lile jiwe likiwamo, akaipiga mwiko ikawa laini kama meza. Tulisimama barabarani tukaitazama kazi yetu. Tulijipongeza. Fundi cherehani aliyekuwa akishonea pale barazani alisema inafanana na zahanati, naye alikuwa anasifu.

Jumamosi nilichelewa kuamka. Wachinjaji walikuwa wamekuja alfajiri, wakakuta saruji mbichi na gunia juu yake, wakajua kuna shughuli, na kwa heshima ya Hajati wakaenda zao na visu butu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Nilimkuta Hajati ukumbini amesimama, amevaa gauni lake la Idi, mkono ukutani. Alikuwa anataka kwenda jikoni kutazama pilau na hakujua yuko wapi. Plastiki ile ilikuwa imefunika ufa na mbonyeo na kila kitu, na nyayo zake hazikuwa na cha kusoma. Aliponisikia akasema anapumzika tu. Nikamshika mkono nikajifanya mimi ndiye ninayetaka msaada wa kuonja chumvi. Niliogopa sana asubuhi ile, maana kwa mara ya kwanza niliona Kyengera itakavyokuwa.

Madamu Edisa alifika na wenzake wawili, bwana mmoja mwenye miwani na dada mwenye kamera. Hajati akawakaribisha kwa Kiswahili chake chote. Madamu, ambaye ni Muganda wa Mengo, alikiri kwamba mara ya mwisho kukaribishwa kwa lugha ile ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, na askari hakumpa chai. Tulicheka, tukadhani mambo yanakwenda vizuri. Wakatembea. Walitazama mche wa sabuni kwa muda mrefu. Bwana wa miwani akagonga nguzo kwa kidole. Dada mwenye kamera akaining'iniza begani bila kuifungua. Tukawaonyesha zulia, tukawaonyesha mapazia, na Hamadi akawaeleza kwa furaha kwamba siku tatu zilizopita hapakuwa hivi hata kidogo, palikuwa pachakavu kweli. Ndipo Madamu Edisa akashika mkono wa Hajati akamwambia kwa upole, "Hajati, nyumba ni nzuri sana. Lakini sisi tunatafuta za zamani."

Hajati akajibu, "Ya zamani ni hii hii, mwanangu. Tumeivalisha tu." Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Madamu akasema pole pole kwamba wenzake watajadiliana, na kila mtu anajua maana ya wageni kusema watajadiliana. Nilimtazama Hamadi. Alikuwa ameshinda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeangusha sufuria ya wali msibani. Hakutaka kushinda vile. Akaanza kuwauliza wageni kama watakula sasa au baadaye kidogo, akauliza mara mbili.

Hapo ndipo tukasikia kelele nje. Nnalongo alikuwa amekwenda Masaka kwenye mazishi wiki nzima, na siku ile ndiyo aliyorudi. Alifika barazani na kisu chake, na mkungu wa matoke kichwani, akafunua gunia, akaona ngazi laini kama meza. Huyu hakuwa mtu wa kwenda zake kwa heshima. "Hajati! Nani amefunika mawe?" aliita. "Mimi nanoa kisu hapa tangu sijazaa hawa mapacha. Sasa nanoa wapi, kwa langi?" Hamadi akatoka mbio kumnyamazisha, akamwambia Nnalongo, bambi, tafadhali, kuna wageni. Nnalongo akamtazama, akatazama mche wa sabuni, akamtazama tena. "Langi ni ya wageni," akasema. "Mawe ni ya sisi." Wauza nyama waliokwenda zao alfajiri wakasikia, wakavuka barabara na visu vyao, mmoja, mwingine, mpaka mbele ya nyumba pakawa na watu wenye visu wamesimama kimya kwa adabu. Dada mwenye kamera alirudi nyuma hatua kadhaa, akaniuliza kwa kunong'ona kama ni vita.

Hajati akatoka. Alitaka kumtuliza Nnalongo, ambaye alikuwa rafiki yake. Alipita mlangoni, akaifuata baraza kwa mkono juu ya nguzo, akafika mwisho upande wa kushoto kama siku zote, na mguu wake ukaenda kutafuta bonde la jiwe. Haukulipata. Ukapapasa saruji laini, ukarudi, ukapapasa tena. Akabaki amesimama ukingoni, mguu mmoja hewani, mkono mmoja umenyooka mbele ukitafuta kitu cha kushika. Watu wote wale, soko lote lile, waliona kwa pamoja kile alichokuwa amekificha mwaka mzima. Nilikuwa nyuma yake na nilitaka kumshika, lakini Hamadi alikuwa karibu zaidi. Alimshika kiwiko. Akamuuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, tangu lini?" Na Hajati, bado anatazama mbele, akasema, "Hapa ndani ninaona, Hamadi. Nilikuwa ninaona mpaka jana."

Hamadi alimkalisha kwenye kiti cha fundi cherehani. Kisha akaingia ndani akatoka na nyundo na patasi. Alipiga magoti kwenye ngazi na suruali yake ya wageni, akaanza kuvunja kazi yake mwenyewe. Saruji ilikuwa ya siku moja, iliachia vipande vipande. Alikuwa anakata taratibu asije akalikwaruza jiwe, na jasho lilikuwa linamdondoka puani, na nadhani halikuwa jasho tu. Alijua anachokifanya. Alikuwa anavunja duka lake lenye mlango wa chuma, na hakuna aliyemlazimisha. Jiwe lilipojitokeza, kijivu, limebonyea, Nnalongo akalimwagia maji kutoka kwenye kopo lake, akainama, akajaribu kisu. Kwaru, kwaru. Akatoa kisu akakigusa kwa kidole gumba. "Kale," akasema, yaani sawa sasa, na akampisha muuza nyama wa kwanza.

Madamu Edisa alikuwa amekaa chini barazani bila kujali gauni lake. Akamuuliza Nnalongo kwa Kiganda ni nani aliyemwonyesha kunoa pale. Mama yake. Na mama yake? Nnalongo akamwona kama mtu anayeuliza nani alimwonyesha mama yake kunywa maji. Madamu akaweka kiganja chake ndani ya bonde la jiwe, kikazama. Bwana wa miwani akainama kando yake. Dada mwenye kamera alikuwa ameifungua na hakuacha kubofya. Kisha Madamu akageuka kwa Hamadi, ambaye alikuwa bado amepiga magoti na patasi mkononi, akamuuliza ndani mmefunika nini kingine. Hamadi akapangusa uso. Akasema, "Madamu, tumefunika kila kitu."

Mchana wote ule tuliivua nyumba. Tulikunja zulia la plastiki, na Hajati akavua viatu, akapita ukumbini kutoka mbonyeo hadi ufa hadi jikoni, akarudi na upawa wa pilau mkononi kututishia tusikawie kula. Mapazia ya maua yakarudi kwenye mfuko wa Owino. Mlango ulitutesa, ulichukua wiki nyingi za msasa na visu vya kukwangulia, na mpaka leo ndani ya mishipa ya majani yake kumebaki rangi ya kahawia. Mche wa sabuni kampuni ilikataa ufutwe kabla ya muda wake, kwa hiyo katika picha ya gazeti nyumba ya kale ya Nateete inaonekana na nguzo zake nne na mapovu. Tulikula tumekaa sakafuni, wageni, wachinjaji, Nnalongo na kisu chake pembeni. Madamu Edisa alisema "Tunaiandika," kisha akaomba kachumbari. Hamadi alikuwa amekaa karibu na shangazi yake, anamchagulia nyama laini. Hakusema kitu kuhusu tajiri, wala Hajati hakumuuliza. Imamu alifika mwishoni, akaambiwa matokeo, na chai yake siku hiyo ilikuwa ya sukari ya kawaida.

Nilikaa mle hadi nilipomaliza chuo. Hajati alikuja kupoteza macho kabisa, na aliishi baada ya hapo miaka mingi, akitembea ndani ya nyumba ile akiwagombeza watu kwa kuacha viti njiani. Nilipoolewa alinipa kanga na sindano ambayo nilikuwa nimeshaitunga uzi mara zisizohesabika. Niliahidi kwenda kumtazama mara kwa mara, na kwa kweli nilikwenda, lakini miaka hii ya karibuni magoti yangu na msongamano wa barabara vilipatana kunizuia. Kwa hiyo niliposhuka Nateete siku ya hitma nilikuwa na huzuni, na juu ya huzuni nilikuwa na swali. Ahadi ya Hamadi ilikuwa ya muda wa uhai wa shangazi yake. Uhai huo umekwisha. Pande zote za nyumba ile sasa ni vioo na ghorofa, na nilikuwa nimesikia kwamba wanaoitaka ni wengi kuliko zamani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumuuliza bila kumuudhi mfiwa.

Nilimkuta uani, ameota mvi, ananyanyua sufuria kama bado ana miaka thelathini. Tulikumbatiana. Nikaanza, "Hamadi, sasa nyumba..." Akanikata. Akasema watu wote waliokuja tangu asubuhi wana uso uleule, na yeye ana nyama ya pilau ambayo haijakatwa na kisu kisichokata hata siagi. Akanitia kisu mkononi. "Mwalimu, nenda barazani ukanoe. Kisha uje uniulize." Nikapita ukumbini. Nilivua viatu bila kufikiri, na nyayo zangu zikaukuta mbonyeo palepale. Nikafungua mlango nikatoka barazani, na kabla sijaona kitu kingine niliona paa. Juu ya ngazi, upande wa kushoto tu, Hamadi alikuwa amepiga bati jipya, kipande kidogo kwenye nguzo mbili za chuma, ili anayenoa asinyeshewe. Misumari ilikuwa bado inang'aa. Mtu anayeuza nyumba hapigi bati jipya juu ya ngazi.

Nilisimama pale machozi yakinitoka bila aibu, nikainama kulifikia jiwe. Mwanamke mmoja kijana mwenye beseni la matoke, anayefanana na Nnalongo kwa paji la uso na kwa ukali pia, akanigusa bega. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wauza nyama na muuza miwa, kila mtu na kisu chake. "Nnyabo," akaniambia, yaani mama, "hapa kuna laini." Nikaomba radhi, nikaenda nyuma ya muuza miwa, nikasubiri zamu yangu.